Gilbert Walker: Mwanahesabu aliyeitafuta mvua ya India akaikuta bembea ya dunia

Kila mwaka, kabla ya mvua za vuli kuanza, wataalamu wa hali ya hewa wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika hukutana ili kutoa mwelekeo wa msimu. Kabla ya kuyatazama mawingu ya nchi zao wenyewe, huyatazama maji ya Bahari ya Pasifiki, maelfu ya kilomita kutoka mashamba wanayoyasemea. Mkulima anaweza kushangaa kwamba mvua ya shamba lake huulizwa kwanza upande wa pili wa dunia. Desturi hiyo ina asili yake, na sehemu kubwa ya asili hiyo imo katika maisha ya mtu mmoja aliyefariki dunia mwaka 1958, Sir Gilbert Thomas Walker. Alipoajiriwa kutabiri mvua hakuwa amesomea hali ya hewa, na mpaka anazikwa hakuwa amepata jibu kamili la swali alilopewa. Hata hivyo, leo hakuna utabiri wa El Nino unaotolewa popote bila kutumia kitu alichokigundua yeye.

Mtoto wa mhandisi

Walker alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 mjini Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, katika familia yenye watoto wengi. Baba yake alikuwa mhandisi wa ujenzi, na baadaye familia ilihamia Croydon, kusini mwa London. Akiwa mwanafunzi wa shule ya St Paul's alionyesha mapema kwamba alipenda vitu vinavyozunguka na kujiweka sawa vyenyewe. Mwaka 1886 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1889 akashika nafasi ya kwanza katika mtihani wa hesabu wa chuo hicho, ushindi ambao kwa Uingereza ya wakati ule ulikuwa heshima kubwa mno.

Bidii hiyo ilimgharimu afya. Ilimlazimu kukaa kipindi nchini Uswisi akijiuguza, na huko akajifunza kuteleza juu ya barafu, mchezo alioupenda maisha yake yote. Aliporudi Cambridge alikuwa akionekana kwenye viwanja vya kando ya mto akirusha bumerangi, lile gongo la wenyeji wa Australia ambalo likirushwa ipasavyo humrudia mrushaji. Wenzake wakampa jina la utani kwa sababu hiyo. Yeye hakuirusha kwa kujifurahisha tu. Aliandika maelezo ya kihesabu ya namna inavyopaa, inavyopinda na inavyorudi. Alivutiwa pia na jinsi ndege wakubwa wanavyoelea angani bila kupiga mbawa, na alishughulika na muundo wa filimbi.

Basi huyu alikuwa mtu wa hesabu za mwendo na umeme, mwalimu wa chuo mwenye sifa nzuri. Hakuna lililoonyesha kwamba atapewa dhamana ya kuangalia mbingu za bara zima.

Njaa iliyomleta India

Mwaka 1877 pepo za msimu ziletazo mvua India, zile zile ambazo mabaharia wetu huziita kusi, zilishindwa kuleta mvua ya kutosha. Mamilioni ya watu walikufa kwa njaa. Ukame pekee haukutosha kuleta maafa makubwa kiasi hicho. Serikali ya kikoloni iliendelea kuruhusu nafaka kusafirishwa nje ya nchi, na msaada wake kwa wenye njaa ulikuwa mdogo na wenye masharti mazito. Lakini watawala waliona kwamba kama wangeweza kujua mapema mvua itakuwaje, wangejiandaa. Idara ya Hali ya Hewa ya India ilikuwa imeundwa miaka miwili tu kabla, mwaka 1875.

Mkuu wake wa kwanza, Henry Blanford, alitumia theluji ya milima ya Himalaya kama dalili. Kwa hoja yake, theluji ikiwa nyingi mwishoni mwa kipupwe, ardhi huchelewa kupata joto na mvua hupungua. Aliyemfuata, John Eliot, aliongeza dalili nyingine na kuandika taarifa ndefu za utabiri. Mwaka 1899 mvua zikashindwa tena, na utabiri haukuwa umewaonya watu. Njaa ikarudi, na imani ya watu katika ofisi hiyo ikashuka.

Hapo ndipo Walker alipoitwa. Mwaka 1904 alichukua uongozi wa idara hiyo akiwa na umri wa miaka 35. Kumchagua mwanahesabu asiyejua mambo ya mvua kulionekana ajabu, lakini kulikuwa na mantiki yake. Wataalamu wa fani walikuwa wamejaribu kueleza sababu za mvua kabla ya kujua kwa uhakika ni mambo gani yanayoambatana na mvua. Walker aliamua kuanza na takwimu. Aliona kwamba dunia ni kubwa na uhusiano wake ni mgumu kiasi kwamba njia ya busara ni kukusanya rekodi kutoka kila mahali, kuzilinganisha, na kuiachia nadharia ifuate baadaye.

Mvua ya Unguja na maji ya Nile

Kazi hiyo ilifanyika wakati ambapo hakukuwa na kompyuta. Katika ofisi za idara, makarani wa Kihindi walikaa na madaftari ya rekodi za mvua, joto na mgandamizo wa hewa kutoka vituo vingi vya dunia, wakipiga hesabu kwa mkono. Walichokitafuta ni kipimo cha uwiano, yaani namba inayoonyesha ni kwa kiasi gani mambo mawili hupanda na kushuka pamoja. Walipima mvua ya India dhidi ya hewa ya Amerika Kusini, dhidi ya theluji ya Himalaya, dhidi ya mgandamizo wa hewa wa kisiwa cha Morisi. Kisha wakabadilisha mwezi, wakaanza upya. Majina mengi ya makarani hao hayajulikani na watu, ingawa bila wao jina la Walker nalo lisingejulikana.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili, hapa pana jambo la kuvutia. Mojawapo ya dalili zilizoingia katika milinganyo ya Walker ilikuwa mvua ya Zanzibar. Aliona kwamba masika yakiwa mazito Unguja katika miezi ya Aprili na Mei, mara nyingi mvua za India zilizofuata zilikuwa dhaifu. Alitumia pia rekodi za mafuriko ya Mto Nile, mto ambao maji yake hukusanywa kutoka nyanda za juu za Ethiopia na kutoka nchi za Maziwa Makuu. Vipimo vya mvua na vya kina cha mto vilivyochukuliwa katika eneo letu vikawa sehemu ya jaribio la kwanza kubwa la kuitazama hali ya hewa ya dunia kama kitu kimoja.

Walker alikuwa mwangalifu kuliko wengi wa wakati wake. Alijua kwamba mtu akilinganisha mamia ya vitu, baadhi vitaonekana kuhusiana kwa bahati tu, kama vile anayerusha sarafu mara nyingi hatimaye atakavyopata mfululizo wa kushangaza. Mwaka 1914 alitoa kanuni ya kuamua ni wakati gani uhusiano uliopatikana kwa kutafutatafuta unastahili kuaminiwa. Watu wengi siku zile waliamini kwamba madoa ya jua ndiyo yanayotawala mvua. Yeye aliyapima, akaona nguvu yake ni ndogo.

Akiwa katika utumishi huo aliacha alama nyingine isiyohusu mvua. Mwanzoni mwa mwaka 1913 alifika Madras, na huko akaonyeshwa kazi za karani mmoja kijana wa bandari aliyekuwa akiandika hesabu ngeni katika madaftari yake. Walker alitambua thamani yake, akauandikia uongozi wa chuo kikuu cha mji huo kuuomba umsaidie kijana huyo ili apate nafasi ya kushughulikia hesabu pekee. Karani huyo alikuwa Srinivasa Ramanujan, ambaye baadaye alitambuliwa kuwa mmoja wa wanahesabu wakubwa wa karne ya ishirini.

Bembea ya Kusini

Baada ya miaka karibu ishirini ya hesabu, picha ilianza kujitokeza. Walker hakuwa wa kwanza kuona vipande vyake. Msweden Hildebrandsson na Waingereza wa familia ya Lockyer walikuwa wamekwisha kuona kwamba mgandamizo wa hewa wa sehemu moja ya dunia hupanda wakati wa sehemu nyingine ukishuka. Alichofanya Walker ni kuviunganisha vipande hivyo, kuvipima na kuvipa mpaka. Katika maandishi yake ya miaka ya 1920 alieleza bembea tatu: moja ya Atlantiki ya Kaskazini, moja ya Pasifiki ya Kaskazini, na ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, akaiita Bembea ya Kusini.

Maana yake ni hii. Mgandamizo wa hewa ukiwa juu katika Bahari ya Pasifiki, huwa chini katika eneo la Bahari ya Hindi kuanzia Afrika hadi Australia. Baada ya miaka michache mambo hugeuka, upande uliokuwa juu ukashuka na uliokuwa chini ukapanda, kama watoto wawili waliokaa kwenye ncha mbili za ubao. Bembea hiyo ikiegemea upande mmoja, India hupata mvua nzuri na mafuriko ya Nile huwa makubwa. Ikiegemea upande wa pili, mvua hupungua na mto hushuka. Kwa mara ya kwanza, ukame wa India, mto wa Misri na hewa ya visiwa vya Pasifiki viliwekwa katika hadithi moja.

Mwaka 1924 Walker alistaafu kazi ya India na kupewa cheo cha Sir. Alirudi London kuwa profesa wa hali ya hewa katika Imperial College, nafasi aliyoishika hadi mwaka 1934, na akaendelea kuandika kuhusu hali ya hewa ya dunia pamoja na msaidizi wake E. W. Bliss. Mwaka 1931 alichapisha kazi ya takwimu ambayo, ikiunganishwa na ile ya Udny Yule, hadi leo hufundishwa kwa jina lao wote wawili.

Wenzake wengi hata hivyo hawakuridhika. Walimwuliza, kwa nini ubao huo ubembee? Ni nini kinachouvuta upande huu, na ni nini kinachoukumbusha kurudi? Hewa haina kumbukumbu ndefu, na upepo wa leo husahauliwa baada ya wiki mbili tatu. Walker hakuwa na jibu, kwa kuwa vipimo vilivyohitajika havikuwapo. Isitoshe, baadhi ya dalili alizozitumia zilififia miaka ilivyopita, na milinganyo iliyokuwa ikitoa matumaini ikaanza kukosea. Alipofariki tarehe 4 Novemba 1958, akiwa na umri wa miaka 90, waliomwandikia taazia walimheshimu kwa bidii yake, lakini walionyesha shaka kama kazi hiyo kubwa ingezaa nadharia aliyoitarajia.

Kumbukumbu iliyofichwa majini

Jibu lilikuwa njiani wakati huo huo. Katika miaka ya 1957 na 1958 nchi nyingi ziliungana katika mwaka wa kimataifa wa kuichunguza dunia, na meli zikapima joto la Pasifiki kwa upana usiowahi kufikiwa. Kwa bahati, miaka hiyo kulikuwa na El Nino kubwa. Jina hilo lilikuwa la wavuvi wa Peru, waliolitumia kuuita mkondo wa maji ya vuguvugu unaofika pwani yao karibu na Krismasi. Neno lenyewe humaanisha Mtoto Yesu. Vipimo vilionyesha kwamba maji hayo hayakuwa jambo la pwani ya Peru pekee. Yalienea hadi katikati ya bahari.

Mnorwe Jacob Bjerknes, aliyekuwa akifundisha Los Angeles, ndiye aliyeziunganisha ncha hizo. Mwaka 1969 alieleza kwamba pepo zinazovuma kutoka mashariki juu ya ikweta husukuma maji moto kuelekea Indonesia. Huko hewa hupata joto, hupanda na kuleta mvua. Kisha husafiri juu kurudi mashariki, na hushuka ikiwa kavu karibu na Amerika Kusini. Pepo hujenga tofauti ya joto, na tofauti ya joto huimarisha pepo. Mzunguko huo wa hewa Bjerknes aliupa jina la Walker, miaka kumi na mmoja baada ya mwenyewe kufariki.

Lakini swali la kumbukumbu lilibaki. Mtaalamu wa bahari Klaus Wyrtki, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Hawaii, alilijibu kwa kupima kina cha bahari kwenye visiwa vya Pasifiki. Aliona kwamba pepo za mashariki zikivuma kwa nguvu kwa muda mrefu, maji moto hurundikana magharibi. Uso wa bahari upande huo huwa juu kwa takriban nusu mita kuliko upande wa Peru, na tabaka la maji moto hufikia unene wa mita 150 au zaidi. Hiyo ni akiba kubwa ya joto. Inatosha kukumbuka kwamba mita tatu hivi za juu za bahari huweza kuhifadhi joto sawa na hewa yote iliyo juu yake.

Pepo zikilegea, akiba hiyo hutiririka kurudi mashariki chini ya ikweta. Wimbi lake huvuka Pasifiki kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Mashariki hupata joto, pepo hulegea zaidi, na El Nino huzaliwa. Baadaye joto hutoka, sehemu likiingia hewani na sehemu likisambaa kaskazini na kusini, mpaka ukanda wa ikweta unabaki umepungukiwa. Ndipo upande wa baridi, La Nina, unapopata nafasi, na akiba huanza kujazwa tena taratibu. Ni kama tangi linalojazwa kwa miaka na kumwagwa kwa miezi. Ndiyo maana bembea hurudi kila baada ya miaka miwili hadi saba, na ndiyo maana haifuati kalenda. Hewa husahau, bali bahari hukumbuka. Kile ambacho makarani wa Walker walikiona kwenye madaftari kama namba za mgandamizo kilikuwa kivuli cha joto lililojificha chini ya maji.

Ukame wa 1877 na wa 1899, uliosababisha Walker aitwe India, leo unajulikana kwamba uliambatana na El Nino.

Kinachotuhusu sisi

El Nino ya mwaka 1982 na 1983 ilipamba moto kabla wataalamu hawajaitambua. Baada ya fedheha hiyo maboya ya kupimia yalitandazwa kwenye ikweta ya Pasifiki, takriban 70, na kukamilika mwaka 1994. Yanapima joto kutoka juu hadi mamia ya mita chini. Akiba ikijaa, dalili huonekana miezi mingi kabla.

Afrika Mashariki ilijua uzito wa jambo hilo mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, mvua zilipobomoa barabara na madaraja Kenya, Tanzania na Somalia, na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo. Tangu hapo neno El Nino limeingia katika mazungumzo ya kila siku, hata kwa mvua zisizohusiana nayo.

Maisha ya Walker yanatufundisha kulitumia neno hilo kwa tahadhari. Bembea ile ile ipunguzayo mvua za Ethiopia na maji ya Nile huelekea kuongeza vuli katika ukanda wa ikweta wa mashariki mwa Afrika. Tena, Pasifiki haitawali peke yake. Bahari ya Hindi ina bembea yake. Mwaka 1961, bila El Nino yoyote kubwa, upande wake wa magharibi ulipata joto, mvua zikafurika, na Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili hadi mwaka 1964. Mwaka 2019 mafuriko yalikuja kwa njia hiyo hiyo. Kinyume chake, El Nino kali ya 2015 haikuleta Kenya mafuriko yaliyohofiwa.

Kuna jambo jingine ambalo mmoja wa warithi wa Walker, Charles Normand, aliliona mwaka 1953. Bembea huyumba na kubadilika zaidi katika miezi ya Machi hadi Mei, kisha hushikilia mwelekeo wake hadi mwisho wa mwaka. Walker alipewa kazi ya kutabiri mvua zinazoanza Juni, wakati mgumu kuliko wote, na hilo ni sababu mojawapo ya milinganyo yake kumwangusha. Sababu hiyo hiyo huwafanya wataalamu wetu waitabiri vuli kwa uhakika zaidi kuliko masika. Mkulima anayesikia utabiri wa Oktoba ana haki ya kuutegemea kuliko ule wa Machi.

Na hata utabiri mzuri haujazi ghala. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023, wakati La Nina ilipodumu kwa muda usio wa kawaida, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika sehemu za Somalia, Ethiopia na Kenya. Maonyo yalitolewa mapema, lakini misaada iliwafikia wengi mifugo ikiwa imekwisha kufa. Katika India ya 1877 waliokuwa na chakula hawakujua mvua itashindwa. Leo tunajua miezi kabla, na hesabu iliyobaki si ya bahari tena, ni ya wenye mamlaka na wenye maghala.